Jazi ya laivu na picha za anga: mwenye laptopu naye ni mwanabendi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Tuna bendi ya watu wanne, saksafoni, piano, besi na drams, mimi ndo nashika laptopu ya picha. Tunaandaa onyesho la kama saa moja la jazi ya laivu na picha za anga, nebula, sayari, galaksi, vitu kama hivo. Nimetengeneza video moja ndefu, wao wanapiga mimi nabonyeza pley, lakini kila tukifanya mazoezi haikai. Mara video imeisha wao bado, mara wao wamemaliza video bado inazunguka, na rafiki tuliyemwita aangalie akasema ni kama kuangalia kompyuta iliyoachwa ikalala. Sasa muziki ufuate picha au picha zifuate muziki? Na hizi picha tunaruhusiwa kuzitumia?"

Marahaba, na asante kwa kueleza vizuri, umenipunguzia kazi kwa sababu tatizo lako lote liko kwenye maneno yako mwenyewe, "nabonyeza pley". Watu wanne wanapiga, wa tano anabonyeza. Jazi haikubali hiyo. Mpiga saksafoni akijisikia anaongeza mzunguko mwingine wa solo, drams wanamsikia wanachochea, piano inanyamaza kumpisha, yaani kila mtu anamjibu mwenzake pale pale, afu juu ya vichwa vyao kuna video iliyoamuliwa wiki mbili zilizopita ambayo haimsikii mtu. Picha zenyewe sidhani kama zina shida, ila hazisikii, na mtazamaji hiyo anaigundua ndani ya dakika tano hata kama hajui kuitaja.

Kwa hiyo kwenye swali la nani amfuate nani, mimi nasema hakuna. Wewe ni mpigaji wa tano. Una chombo chako, inabidi uujue wimbo unaanzia wapi na unarudi wapi, uwe na sehemu yako ya kuongoza, na uwe na sehemu ndefu tu za kukaa kimya.

Hili mimi lilinifunza kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilipeleka jukwaani video ya dakika 50 niliyoipanga mpaka sekunde. Siku yenyewe mpiga saksafoni akashuka kwenye solo ambayo naikumbuka mpaka leo, anazungukia noti tatu tu, taratibu, ukumbi mzima umetulia, na pale pale video ikafika sehemu ya roketi inaruka. Moto, moshi, skrini nzima inatetemeka. Nikamwona anageuza shingo kuangalia juu, akaimeza ile solo, akawapa wenzake ishara warudi kwenye melodi. Hakuna aliyenilaumu lakini mimi nilijua nimeua nini. Tangu siku ile sijapeleka tena video moja ndefu mahali pengine popote.

Unachotakiwa kufanya ni kuikata ile video yako vipande vipande. Uwe na klipu fupi ambazo kila moja inaweza kujirudia bila mtu kuona kiungo, uziweke kwenye programu ya kurusha video laivu kama Resolume, au TouchDesigner kama unapenda kujenga vitu mwenyewe, na uzipige kwa kibodi ndogo ya MIDI, yaani kifaa chenye vitufe kinachotuma amri kwenye laptopu, kama piano vile. Ligawe onyesho sehemu sita au saba, kila sehemu klipu tano, zikizidi sana nane. Na mabadiliko ya sehemu moja kwenda nyingine yasitoke kwenye saa, yatoke kwenye muziki: mpiga drams akiacha brashi akashika vijiti, besi ikirudi kwenye ile riff ya mwanzo, mpiga piano akinyanyua kichwa. Hizo ndo ishara zako. Maana yake unatakiwa ukae mahali unapowaona usoni, wewe na laptopu yako mkae jukwaani pembeni ya drams, achana na kile chumba cha mitambo huko nyuma.

Kuna mfano mzuri wa kinyume chake, wanamuziki kuzipigia picha. Desemba 1957 kule Paris, mpiga tarumbeta Miles Davis aliingia studio na wenzake wakapiga muziki wa filamu ya mwongozaji Louis Malle huku vipande vya filamu vikirudiwa-rudiwa mbele yao. Hakuja na karatasi zilizojaa noti, alikuja na mawazo machache tu ya harmoni, mengine wakayatafuta pale pale. Angalia kilichofanya iwezekane: vipande vifupi, vinajirudia, na muziki umeachiwa nafasi. Wewe unafanya hivo hivo, tofauti ni kwamba kwako na picha nazo zinajibu.

Sasa kosa la pili ambalo najua utalifanya kwa sababu kila anayeanza analifanya, ni kubadilisha picha haraka. Una picha elfu moja nzuri unataka watu waone zote. Usithubutu. Solo moja, picha moja. Kama solo inaenda dakika nne basi ile nebula, yaani lile wingu la gesi angani, ikae dakika nne, isogee polepole kiasi kwamba mtu akiangalia haoni inasogea, akiangalia saksafoni afu akirudi anakuta imesogea. Jicho la mtu likishajua skrini haitamkimbia linarudi kuangalia mikono ya mpiga piano, na hicho ndo unachokitaka, kwa sababu watu wamekuja kuona watu wakipiga.

Na giza. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibika maonyesho mengi. Picha za anga karibu zote ni nyeusi na vitu vichache vinavyong'aa, sasa projekta haijui kutoa weusi, inachoita weusi ni mwanga hafifu wa kijivu. Ukiwa na taa zinazomwagika kutoka jukwaani, galaksi yako inageuka moshi. Kwa hiyo taa za wanamuziki ziwe za pembeni, nyembamba, zinagonga mabega na mikono, hakuna taa ya mbele hata moja, na taa za kusomea noti zifunikwe zimulike karatasi tu. Skrini ianzie juu ya vichwa vyao. Nyuma yao kitambaa cheusi kisichong'aa. Na pale unapotaka giza kweli, ukibonyeza klipu nyeusi bado skrini itaonekana ile kijivu, pembe nne zake zote, ni kama mtu kasahau kuzima. Projekta nyingi za kumbi zina mlango wa kufunga lenzi kwa rimoti, tumia huo. Kama haina, kata kadibodi nyeusi, ifunge kwenye kijiti, mtu mmoja akae karibu na projekta aishushe mbele ya lenzi bila kuigusa. Nimefanya hivo mara nyingi na ukumbi unazama kabisa, mnabaki na besi peke yake gizani.

Kwenye onyesho la saa moja mimi naweka walau dakika 12 ambazo hakuna picha kabisa. Wewe jaribu, utaona picha inayokuja baada ya giza la dakika tatu inavyopokelewa.

Haya, tuje kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote, kwamba anga lenyewe lina mapigo na mnaweza kuyapiga. Sio kwa kusema tu kishairi, ni hesabu kabisa. Kuna pulsari, mabaki ya nyota kubwa yanayojizungusha na kutumulika kama taa ya mnara wa bandarini, na moja inayoitwa B0329+54 inajizungusha mara moja kila sekunde 0.714. Chukua 60 ugawe kwa hiyo, unapata biti 84 kwa dakika. Hiyo ni tempo ya balladi inayotembea, mpiga drams yeyote anaijua mwilini! Anzeni onyesho hivi: giza, nukta moja nyeupe katikati ya skrini inawaka na kuzima kwa mwendo ule, hakuna sauti kama nusu dakika, watu wakae nayo, afu mpiga drams aingie na brashi juu yake. Ila ukishaingia muziki ififishe ile nukta ndani ya vipimo nane, kwa sababu pulsari haisubiri mtu na drams za jazi zinavuta na kulegeza, mkiiacha mpaka mwisho mpigaji wako atageuka mtumwa wa metronomu. Ile ya Kaa nayo, yaani iliyoko kwenye Crab Nebula, inazunguka kama mara 30 kwa sekunde, hapo tena sio mdundo, ni noti, iko chini ya waya mnene kabisa wa besi. Spika kubwa za chini zikiwa nzuri watu wataisikia kifuani.

Kingine ni miezi ya Mshtarii. Ganymede akizunguka mara moja, siku saba na kidogo, Europa keshazunguka mara mbili na Io mara nne. Moja, mbili, nne, hiyo ni mizani ya muziki wazi kabisa. Lakini utamu uko hapa: wale watatu hawajipangi hata siku moja upande mmoja kwa pamoja, Europa na Ganymede wakikutana upande mmoja, Io yuko upande wa pili kabisa. Sasa chora msitari pale wanapokutana Ganymede na Europa, kila mwezi ukipita kwenye msitari upige. Ganymede anapiga moja, hiyo ngoma kubwa. Europa anapiga moja na tatu, hiyo besi inatembea kwa mbili. Na Io kwa kuwa alikuwa upande wa pili, anafika amechelewa nusu ya mzunguko wake, kila pigo lake linaangukia katikati ya pigo na pigo! Mpe toazi. Siku ya kwanza nilipoichora kwenye karatasi nikamwonyesha mpiga drams, alianza kuipiga mezani kabla sijamaliza kueleza. Watu wengi wakitengeneza animesheni hii wanawaanzisha wote watatu kwenye msitari mmoja, wanaua kitu kizuri kuliko vyote na juu ya hapo wamedanganya.

Mkitaka kigumu zaidi kuna nyota ya TRAPPIST-1, kama miaka 40 ya mwanga kutoka hapa, ambayo mwaka 2017 ilitangazwa kuwa na sayari saba. Ya ndani inazunguka kwa siku moja na nusu, ya nje karibu siku 19, na majirani wamefungana kwa uwiano, jozi tatu ni takriban tatu kwa mbili, nyingine nne kwa tatu, zile mbili za ndani kabisa ni za ajabu zaidi, nane kwa tano na tano kwa tatu. Matt Russo, ambaye ni mwanafizikia wa anga na mpiga gitaa, na wenzake waliigeuza kuwa sauti mwaka huo huo. Msiicheze rekodi yao, chukueni uwiano muupige wenyewe.

Hapo hapo nikuonye kuhusu zile sauti za anga zilizotengenezwa tayari. Kituo cha darubini ya Chandra kimetoa nyingi tangu 2020, na maarufu zaidi ni ya shimo jeusi la kundi la galaksi la Perseus, ambapo mawimbi kwenye gesi ya moto yalikokotolewa kuwa ni noti ya B fleti iliyo oktava 57 chini ya C ya kati, ndo ikapandishwa oktava 57 na 58 ili masikio yetu yaisikie. Ni kitu cha kustaajabisha na mimi nywele zinanisimama kila nikiisikia. Lakini ukiiweka chini ya bendi inayopiga inagombana na besi moja kwa moja, mpiga besi hana pa kukanyaga. Iweke kwenye giza kabla ya wimbo, iachwe iishe, afu bendi ianze kwenye B fleti. Inatosha.

Kuhusu kufanya muziki usikike "kianga", yaani mwangwi mrefu na kinanda cha kuelea elea, mimi siupendi na sioni sababu yake. Mwanamuziki wa jazi Sun Ra, aliyesema ametoka Zohali, aliongoza bendi kubwa inayoswing kweli kweli. Februari 1967 mpiga saksafoni John Coltrane aliingia studio na mpiga drams mmoja tu, Rashied Ali, wakarekodi vipande vyenye majina ya sayari, ni saksafoni na ngoma, na kengele kidogo, basi. Pigeni jazi yenu kama mnavyoipiga.

Picha sasa. Rangi unazoziona kwenye picha za darubini ya anga ya Webb sio uongo ila sio za macho yetu, darubini ile inaona infraredi, mwanga ambao jicho letu halioni, kwa hiyo mafundi wanapanga mawimbi mafupi yawe bluu na marefu yawe nyekundu. Mpangilio ni ule ule wa upinde wa mvua, umehamishwa tu, kama vile kupiga wimbo kwenye ufunguo mwingine. Ndo maana nakusihi usibadilishe rangi ovyo ili ziendane na taa za ukumbi. Unaweza kupunguza rangi mpaka nyeusi na nyeupe, hiyo ni sawa, lakini kuipaka nebula zambarau kwa kuwa wimbo ni wa huzuni hapana.

Ile picha ya darubini ya Hubble ya 1995, nguzo za gesi kwenye Eagle Nebula, uliiona ina kona nyeusi ya ngazi ngazi juu kulia? Ile kamera ilikuwa kamera nne ndani ya moja, na moja kati ya hizo nne ilikuwa inakuza zaidi, picha yake ikipunguzwa ilingane na nyingine inabaki ndogo, pembeni yake panabaki tupu. Watu wanaikata au wanaijaza nyota za kubuni. Mimi naiacha. Nilishawahi kuishusha picha mpaka ile ngazi nyeusi ikakaa sawa na aliposimama mpiga saksafoni, taa nyembamba inamgonga kwa pembeni, akawa ndiye kipande kilichokosekana. Hakukuwa na athari yoyote ya kompyuta, ni kuijua picha yako tu.

Kwa vitu vinavyotembea chukua Jua. Chombo cha SDO cha NASA kilichorushwa Februari 2010 kinapiga Jua zima karibu kila sekunde 12, picha za pikseli 4096 kwa 4096, ukiziunganisha unapata moto unaopumua taratibu ambao hauna mwanzo wala mwisho, kwa kujirudia hakuna mfano wake. Kusafiri laivu katikati ya sayari tumia OpenSpace, na Stellarium kwa anga la usiku, zote ni za bure.

Ruhusa: picha za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki, unazitumia na kuwataja, ila nembo yao usiiweke kwenye bango kana kwamba ndo wadhamini wenu, na angalia maelezo chini ya kila picha kwa sababu nyingine ni za watu wengine. Za ESO, shirika la darubini la Ulaya, na zile za Hubble na Webb kwenye kurasa za ESA, shirika la anga la Ulaya, unaruhusiwa pia, sharti uandike jina la mwenyewe wazi kama lilivyo pale. Kinachosahaulika ni muziki, mkipiga nyimbo za watu ukumbini ni ruhusa moja, mkirekodi video mkaiweka mtandaoni ni ruhusa nyingine.

Mambo ya mitambo mafupi tu. Usitumie video zilizobanwa sana, anga jeusi linalofifia kwenda bluu litakatika michirizi, tumia kodeki, yaani namna ya kuhifadhi video, kama HAP Q au ProRes na ongeza chembechembe kidogo sana juu ya picha, ile michirizi inapotea. Nyota ndogo ukizisogeza haraka zinametameta vibaya, punguza spidi. Na kile kitu cha kufanya picha zirukeruke kila sauti inapogonga, naomba uachane nacho, kwa sababu kompyuta ikisikia bendi nzima inaruka kwa kila kitu, na picha inafika imechelewa kidogo baada ya drams, jicho linaona. Kama unataka uhusiano chukua laini moja tu, ya besi, ifanye mwanga wa picha upande na kushuka polepole kwa sekunde nne tano. Mtazamaji hatajua kwa nini ila atahisi picha na bendi zinapumua pamoja.

Mazoezi ya kwanza fanyeni bila skrini kabisa, wewe na kibodi yako ya MIDI, laptopu imegeuzwa uione peke yako, upige picha na wao hawazioni. Ya pili wao waone. Ya tatu waruhusu wakukatalie: mtu akisema hii picha inanibana, inatoka.

Na mwisho wa onyesho mimi ningeweka ile picha ambayo chombo cha anga cha Voyager 1 kilipiga tarehe 14 Februari 1990, Dunia ikiwa umbali wa kama kilomita bilioni sita, nukta isiyojaza hata pikseli moja. Chombo hicho kimebeba sahani ya muziki ambayo ndani yake yupo Louis Armstrong. Usiikuze ile nukta, usiizungushie duara. Kaa ukumbini mchana kwenye kiti cha nyuma kabisa uhakikishe inaonekana, kama haionekani ongeza mwanga wake kidogo tu. Ikae pale, bendi iondoke mmoja mmoja abaki mpiga besi, afu majina ya wenye picha yapite taratibu chini yake, yote, huku besi inaendelea, na mwambieni mapema mtu wa taa za ukumbi asiguse kitu mpaka besi anyanyue mkono kwenye waya.